Mtoto hasemi na watu ila anaongea na paka wa kwenye simu, hili gemu ni tiba au ndo linamharibu?

#1 mama_wa_Tabata

Wanajukwaa habari za jioni. Kijana wangu ana miaka mitatu na nusu, mpaka miezi miwili iliyopita maneno yake hayakuzidi kumi na tano na hayo yenyewe tunaelewa mimi na dada wa kazi tu. Kuku ni "tutu", kaka ni "tata", maji ni "mama" kwa hiyo akiwa na kiu mi ndo naitika. Kliniki niliambiwa watoto wa kiume huchelewa nisiwe na haraka, basi nikakaa.

Sasa baba yake kwenye simu ya zamani ana lile gemu la Talking Tom, yule paka ukimwambia kitu anarudia kwa sauti nyembamba. Huyu mtoto ambaye mgeni akija anajificha nyuma ya kochi, akipewa paka anaongea nusu saa nzima. Leo nimehesabu maneno, yamefika arobaini na kidogo. Mama mkwe anataka gemu lifutwe, anasema mtoto anafundishwa usemi na shetani. Baba yake anasema hiyo ni tiba ya bure tunyamaze.

Nauliza wenye uelewa, gemu linaweza kweli kumtibu mtoto usemi?

Na kituko kingine, juzi kamwambia paka "tutu", paka nae akarudia "tutu", mtoto akanuna akapiga kelele "ioo tutu, TUTUU!" ("ioo" yake ni siyo). Tulicheka mpaka machozi.

#2 Mzee wa Kona

Futa hiyo takataka leo leo. Simu ndo imemchelewesha halafu unataka simu hiyo hiyo imponye, sawa na kumtibu mlevi kwa konyagi. WHO wameshasema mtoto chini ya miaka mitano skrini marufuku kabisa.

#3 nesi_wa_zamu

Mzee wa Kona hapo kwenye WHO umechapia. Mwongozo wao wa 2019 unasema chini ya miaka miwili skrini haishauriwi, kuanzia miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku na ikipungua ndo vizuri zaidi. Kwa hiyo nusu saa ya huyu mtoto imo ndani. Swali ni hiyo nusu saa anaitumiaje na nani kakaa pembeni.

#4 Dalali Mtulivu

Dada mkague chini ya ulimi, huyo ana udata. Mdogo wangu alikuwa hivyo hivyo, bibi akamkata kimeo na wembe kesho yake tu akaanza kuongea kama redio.

#5 nesi_wa_zamu

Dalali jamani!! Umechanganya vitu viwili. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni, udata ni kale kautando kanakoshika ulimi kwa chini. Kukata kimeo kwa wembe hakusaidii usemi hata kidogo, tunaletewa watoto wanavuja damu, wengine na pepopunda. Udata wenyewe ukiwa mkubwa unaweza kusumbua kunyonya na baadhi ya sauti zinazotaka ncha ya ulimi ipande, ila haumfanyi mtoto awe na maneno kumi na tano. Halafu huyu anasema "tutu", ncha ya ulimi inapanda vizuri tu kupata hiyo t, kinachomshinda ni k ambayo inatoka nyuma ya ulimi. Udata haushiki huko.

mama_wa_Tabata, masikio yalishapimwa? Kabla ya gemu, kabla ya therapi, kabla ya maombi, MASIKIO.

#6 mama_wa_Tabata

Masikio mbona mazima dada nesi, pikipiki ya baba yake ikiwa mtaa wa pili yeye ashafika getini.

#7 nesi_wa_zamu

Hapo ndo wengi tunaponaswa. Pikipiki inanguruma chini, sauti nzito. Mtoto anaweza kusikia ngurumo vizuri, mlango, jina lake, afu zile sauti nyembamba za juu kama s, f, th zikawa zinampita. Anasikia mtu anaongea ila maneno yanakuja yana mashimo. Mpeleke kwa wanaopima masikio ya watoto, siyo kumpigia makofi nyuma ya kichogo mkaona inatosha. Wana mchezo wao huko, mtoto akisikia mlio anaweka kipande kwenye kopo, na hilo nalo ni gemu.

#8 Dalali Mtulivu

Nimekubali yaishe, lakini mdogo wangu aliongea.

#9 bwana_data

Mimi natengeneza programu za simu niongee upande wangu. Watu wanadhani gemu la kurekebisha usemi ni rahisi, mtoto anasema neno, simu inasikiliza, inampa nyota. Tatizo liko hapo kwenye kusikiliza. Google waliingiza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti 2017, pamoja na Kiamhara, na siku hizi inanasa vizuri tu ukiwa mtu mzima unaongea kwa utulivu. Mtoto ni kitu kingine, koo na mdomo ni vidogo kwa hiyo mawimbi yake yapo juu, na mashine nyingi zimefundishwa kwa sauti za wakubwa.

Ila hilo siyo baya kuliko hili. Hizi mashine zimetengenezwa ZISAMEHE. Ukisema neno limepinda yenyewe inakisia ulitaka kusema nini kutokana na maneno ya jirani. Ukiandika meseji hiyo ni neema, kwenye therapi ni sumu. Nilijaribu na mtoto wa dada yangu, kasema "tutu anataga yai", simu ikaandika "kuku anataga yai" na nyota tano juu. Mtoto kapongezwa kwa kosa!

Ndo maana kuna watafiti wa chuo kikuu cha Texas A&M Marekani na wenzao wa Sydney walitengeneza gemu la kurukaruka linaitwa Apraxia World, lilitoka 2018. Mtoto anacheza kawaida ila kuna vitu hawezi kuvipata mpaka aseme neno alilopangiwa. Na mwanzoni aliyekuwa anaamua kama neno limetoka sawa ni mzazi aliyekaa pembeni, kumuachia mashine walikuja kujaribu baadae. Sikio la mama bado ni bora kuliko simu ya milioni mbili.

#10 Kisiki cha Mpingo

Kwa hiyo bwana_data huyo Tom wa mama Tabata ni mzuri au mbaya? Umeandika ukurasa mzima hujajibu.

#11 bwana_data

Haha mkuu. Tom hasikilizi kitu, anarekodi tu na kukurudishia juu ya sauti. Hapongezi kosa ila hakosoi pia. Ni kioo cha sauti, basi.

#12 Mwana wa Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Mie ntawapa kisa changu, binti yangu alikuwa hawezi r, "rafiki" akisema "lafiki". Nikapakua gemu la kizungu lina sungura akirukaruka, mtoto aambiwa aseme rabbit, red, rain. Miezi mitatu twalipia. Kweli r ikaja, lakini r yenyewe ni ya Mmarekani! Ulimi waenda nyuma wajikunja haugusi kitu. Sasa akisema "rafiki" utadhani ameshuka uwanja wa ndege asubuhi. R yetu ulimi wapiga juu kwa haraka, ni kitu tofauti kabisa.

Na jengine, yale maneno yao mengi yakatika mwisho, cat, bus, dog. Sisi maneno yetu yaishia na irabu. Binti akaanza kuniambia "mam" na "maj". Babake akafurahi ati mtoto ashakuwa msomi.

#13 Ng'wana wa Kishapu

Hahahaha mwana wa Kisauni umenimaliza. Sisi huku kwetu r ilishatuaga tangu enzi za mababu na tunaishi. Mimi nimetoa ng'ombe wa mahali nikaoa mke wa mahari pengine, na ndoa ipo.

#14 Kisiki cha Mpingo

Hapo ndo nauliza, mtu asiyetofautisha r na l kwa sababu lugha ya kwao haitofautishi nae anatakiwa therapi? Mana nimeona tangazo mtandaoni la gemu la "kutibu lafudhi".

#15 nesi_wa_zamu

Hapana, hiyo siyo ugonjwa, ni lafudhi. Mtoto wa nyumba inayosema hivyo akisema hivyo amejifunza vizuri sana. Anayekuuzia tiba hapo anataka hela yako tu. Na kwa mwana wa Kisauni, r inachelewa hata kwa watoto wasio na shida yoyote, wa miaka minne kusema "lafiki" wala usingehangaika kulipia sungura.

#16 Ulimi Mzito

Nimesoma kimya kimya nimeona niseme. Nina kigugumizi tangu darasa la pili, sasa nina miaka 34. Kuna apu hazijaitwa gemu ila nazitumia kama gemu, unavaa hedifoni unaongea halafu sauti yako mwenyewe inakufikia masikioni imechelewa kidogo, kama sehemu ya kumi ya sekunde. Sijui niwaelezeje, mimi ambae jina langu mwenyewe linanichukua nusu dakika nilisoma ukurasa mzima wa gazeti bila kukwama. Nililia.

Kuchekesha ni kwamba nilimvalisha rafiki yangu mtangazaji wa harusi, mdomo wake ni mashine, akaanza kujikanyaga kama amekunywa chupa nzima. Mtu anayeongea vizuri ikimchelewea anavurugika, sisi wengine inatunyoosha.

Lakini niwe mkweli, ukivua hedifoni mengi yanarudi. Na haifanyi kazi kwa kila mwenye kigugumizi, nilimpa jamaa mmoja kwenye grupu letu akaona ni kelele tu. Kilichonisaidia zaidi ni watu kuacha kunimalizia sentensi. Kwa hiyo mama wa Tabata mi naona paka amefaulu kwa sababu hamkatizi mtoto. Anasubiri mpaka umalize. Nani mwingine hapo nyumbani anasubiri mpaka mtoto amalize?

#17 mama_wa_Tabata

Ulimi Mzito umenichoma kaka. Ni kweli, dada yake wa miaka sita ndo msemaji wake, akinyoosha kidole tu ashamletea.

#18 Mzee wa Kona

Sawa tumeongeza paka mshauri wa ndoa. Mimi nasema hivi, hata msingefanya chochote mtoto angeongea. Wangu wa tatu hakusema mpaka miaka minne, hakuwa na paka wala panya, sasa ni wakili. Mnampa sifa gemu kwa kazi ya umri. Jogoo nae anadhani jua linachomoza kwa sababu yeye kawika.

#19 Binti Makambako

Mzee wa Kona hoja yako ina uzito kwa watoto, ila siyo wote wanaojikuta wameongea. Na kwa baba yangu umri haukumsaidia kitu, kinyume chake.

Baba alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea na maneno yakaondoka. Siyo mdomo, maneno. Anajua anataka nini ila neno halishuki, anaomba chumvi anasema "ile ya... ile ya kanisa". Ajabu ni kwamba kusali Baba Yetu anasali mwanzo mwisho, kuhesabu anahesabu, na kutukana ndo kabisaa hajasahau hata moja. Daktari alitueleza kwamba maneno ya mazoea yanatoka kwa njia nyingine tofauti na yale ya kutunga.

Tukapewa ushauri wa gemu la picha kwenye tableti, anaona picha anataja, akishindwa linampa silabi ya kwanza. Gemu zuri, lakini akipatia linatokea tumbili linapiga makofi na puto zinapasuka. Mwalimu mkuu mstaafu wa miaka 67 anapigiwa makofi na tumbili!! Siku ya pili aliitupa tableti kitandani akatukana tusi zima bila kukosea hata herufi.

Tukaachana nalo. Sasa anacheza drafti ya kwenye simu na mjukuu, na sharti tulilopanga ni kabla ya kusogeza kete lazima aseme kitu, "naenda", "nakula", "umekwisha", "subiri". Drafti haikutengenezwa iwe tiba lakini "subiri" sa hivi anaitumia hata mezani.

#20 Ng'wana wa Kishapu

Mwambie mzee nasi tunamsalimia, na hilo tusi ungetuandikia tu kwa ajili ya utafiti.

#21 Binti Makambako

Nifungiwe akaunti? Asante, salamu zimefika.

#22 isimu_mtaani

Nimechelewa uzi huu, mmeruka kitu kikubwa kuliko vyote. Rudini #1 mwishoni, mtoto kasema "tutu", paka akarudia "tutu", mtoto AKAKASIRIKA. Mmecheka mkapita.

Hiki kitu kina historia. 1960 Jean Berko na Roger Brown waliandika kuhusu mtoto aliyekuwa anamuita samaki wake wa plastiki "fis" badala ya fish. Mtu mzima akamuuliza hii ni fis yako? Mtoto akakataa, hapana, ni fis yangu. Wakaendelea kubishana mpaka mtu mzima aliposema fish ndo mtoto akakubali, eeh, fis yangu. Yaani sikioni tofauti anayo, mdomoni hana. Huyu wa Tabata ni yule yule. Kichwani mwake kuna kuku kamili mwenye k mbili, anachotoa ni tutu, na alipomsikia paka akasema huyu paka hajui kuongea!

Kwa hiyo paka hakumfundisha neno. Paka alimsikilizisha kosa lake likiwa kwenye mdomo wa mtu mwingine. Sisi wazazi huwa hatufanyi hivyo, mtoto akisema tutu sisi tunasema eeh kuku, tunarekebisha haraka, yeye anasikia sahihi anadhani alichosema ndo hicho hicho.

#23 nesi_wa_zamu

isimu_mtaani hapo umenifungua, na inanipunguzia wasiwasi wa masikio kidogo. KIDOGO. Bado mpeleke akapimwe, kutofautisha k na t siyo ushahidi wa sauti zote.

#24 bwana_data

Ngoja, ila paka anapandisha sauti juu sana. Labda mtoto alikasirikia ile sauti ya kubana pua, siyo herufi. Tungejua kama angeambiwa "tutu" kwa sauti ya kawaida na "kuku" kwa sauti ya paka, tukaona anakataa ipi.

#25 Mama Sele wa Buguruni

Mnaongelea wenye kubadilisha herufi, sisi ambao hawasemi kabisa je? Wa kwangu ana miaka saba, ana usonji. Gemu la kurudia maneno halikumsaidia kitu, alikuwa anambonyeza paka kichwani aanguke tu, mara mia, kisha akatoka nje akampiga paka wa jirani anangoja aanguke vile vile. Tukahamia apu ya picha, anagusa picha ya uji simu inasema "uji". Ndugu wote walinijia juu, ooh sasa hatasema kamwe kazoea kubonyeza. Mtaalamu akaniambia hakuna ushahidi kuwa picha zinazuia usemi, na kweli mwaka wa pili huu kuna maneno sita anayatamka mwenyewe huku anabonyeza. "Uji" ndo la kwanza. Sita kwa wengine ni kidogo, kwangu mimi ni mvua.

Shida yangu ni chaji na bando. Umeme ukikatika mtoto wangu anakuwa bubu.

#26 Kisiki cha Mpingo

Mama Sele chora zile picha kwenye boksi, pigisha laminesheni, toboa pete weka shingoni. Umeme ukikata boksi haliishiwi chaji.

#27 Mama Sele wa Buguruni

Nilikuwa nalo, alilitafuna. Ila ntarudia na laminesheni nene, asante.

#28 Bibi Harusi Mstaafu

Nyie wa kisasa mnalipia sungura wakati tulikuwa na vitendawili. Kitendawili! Tega! Kila mtu ana zamu yake, asiyesema haendelei, akishindwa anatoa mji. Hapo kuna kusubiri kwa Ulimi Mzito, kuna zamu ya drafti ya mzee wa Makambako, na zawadi ya mji siyo tumbili. Na kwa kuzoeza ulimi kulikuwa na "wale wana wa liwali wala wali wa liwali", tulishindana mpaka tunakojoa.

#29 Mwana wa Kisauni

Bibi, mtoto wa maneno kumi na tano utamtegea kitendawili gani? Mie huyo mwanangu nikimwambia nipe mji anipa wa Marekani.

#30 Mzee wa Kona

Naona sasa paka kafaulu kwa sababu tano tofauti, anasubiri, anakosea, hakosoi, ni kioo, na umri umefika. Chagueni moja.

#31 isimu_mtaani

Kwani lazima iwe moja?

#32 Ulimi Mzito

Zinazopingana ni mbili tu mkuu. Ya kwako na zetu.

#33 mama_wa_Tabata

Nashukuruni wote nimesoma hadi mwisho. Mrejesho mfupi. Masikio tumepata tarehe ya kupima, wiki tatu mbele. Simu nayo baba yake kasafiri nayo Dodoma, nilidhani mtoto atalia siku nzima, kalia dakika tano.

Sasa sikilizeni. Jana mama mkwe, yule yule wa shetani, nimemkuta sebuleni kabana pua anaongea kama paka! Mtoto anasema "tutu", bibi nae "tutu", mtoto anakasirika anamvuta shavu. bwana_data nilikumbuka jaribio lako nikamwambia mama sema "tutu" kwa sauti yako ya kawaida. Akasema. Mtoto akamuangalia akatikisa kichwa, "ioo". Nikamwambia haya sema "kuku" ukibana pua. Akasema. Mtoto akasema "eeh, tutu" akaendelea kula ndizi.

K bado haijaja.

#34 bwana_data

Nimekaa chini. Basi ni herufi, naondoa hoja yangu ya #24.

#35 Mzee wa Kona

Mtoto mmoja, bibi mmoja, ndizi moja. Utafiti huo.

#36 Dalali Mtulivu

Samahani nje ya mada, hiyo simu iliyoenda Dodoma ikirudi mnauza? Kuna mtu natafutia yenye Talking Tom ile ya zamani, hizi mpya zina matangazo kila akifungua mdomo.